Mzunguko, kwenda na kurudi, au kuvuka: kuchagua njia ya siku moja katika msitu wa kale

Msitu umeshauchagua na siku umeshaipata. Sasa umesimama mbele ya ramani ya langoni yenye mistari mitatu ya rangi. Mmoja unaondoka hapo ulipo, unazunguka na kurudi palepale bila kupita mahali mara mbili. Wa pili unaingia ndani mpaka kwenye mti mkubwa au maporomoko na kukomea hapo. Ukitaka kutoka, unageuka na kuifuata njia ileile. Wa tatu unaukata msitu kutoka upande huu hadi barabara ya upande wa pili.

Wengi wetu tukifika hapo tunatazama kilomita peke yake. Nilifanya hivyo kwa miaka. Kisha siku moja, kwenye mzunguko wa kilomita 12, tulifika kama kilomita ya 8 tukakuta mti mkubwa ajabu umelala njiani. Ulikuwa umeangusha na mingine minne, na pale mizizi yake ilipong'oka palibaki shimo lililoimeza njia yenyewe, juu ya mteremko mkali. Mbele zilibaki kilomita 4, nyuma 8. Tulijaribu kuzungukia pembeni mara mbili, tukakosa alama, tukakubaliana kurudi. Tulitoka gizani, watu wanne na tochi moja. Kilomita zile 8 zilikuwa ndefu, lakini tulikijua kila kijito na kila kona, na hakuna aliyeingiwa na hofu.

Tangu siku ile naangalia kwanza umbo la njia, urefu baadaye. Chukua njia tatu zenye jumla ya kilomita 12 kila moja. Kwenye mzunguko, mahali palipo mbali kabisa na pa kutokea ni katikati: kilomita 6. Kwenye kwenda na kurudi ni kule mwisho: kilomita 6. Kwenye kuvuka ni katikati tena: kilomita 6. Namba ni ileile. Tofauti ni kama kilomita hizo 6 umeshazipita kwa miguu yako au bado, na nini kinakusubiri zikiisha.

Kwanza, vipimo vyetu

Msitu wa kale hauko kama shamba la miti. Una miti ya kila umri: miche, michanga, iliyokomaa, vikongwe vya mamia ya miaka, na iliyokufa ikiwa bado imesimama. Chini kuna magogo ambayo huchukua miongo mingi kuoza, mengine zaidi ya karne, na juu ya mgongo wa gogo utaona miche imejipanga mstari kwa sababu hapo ndipo ilipopata nafasi ya kuanza. Mti mmoja mkubwa ukianguka unafungua upenyo, jua linaingia, na upenyo ule unajaa vichaka na miti michanga iliyosongamana. Ndiyo maana ardhi yake haiko sawasawa, njia zake hujipinda, na miti huanguka mara kwa mara bila kosa la mtu. Msitu ulio hai ndivyo unavyofanya.

Kisha kuna mwanga. Katika misitu minene ya mvua ya kitropiki ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya mwanga wa jua inayofika chini. Jioni ya msituni huanza wakati mtu aliye barabarani bado anaona mchana mweupe. Nayo simu, chini ya majani mazito yenye maji, hupokea satelaiti kwa shida, na ile nukta inayoonyesha ulipo inaweza kuruka ikaonyesha upo ng'ambo ya kijito.

Kwa hiyo kila umbo nitalipima kwa mambo yaleyale: saa na umbali, uwezo wa kugeuka mambo yakiharibika, hatari ya kupotea, macho yataona nini, msitu wenyewe unabeba mzigo gani, na mwisho, njia hiyo inamfaa nani.

Kuhusu saa, kuna kanuni ya zamani nzuri ya kuanzia. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alipendekeza kuhesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, halafu kuongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 600 za kupanda inatoka saa 3 na dakika 24. Ndani ya msitu wa kale mimi huongeza nusu yake, kwa ajili ya mizizi, tope na magogo ya kuruka, nikapata kama saa 5. Hapo bado hujakaa kula wala hujasimama kutazama kitu, na kama hutasimama kutazama, sioni kwa nini uende.

Njia ya mzunguko

*Saa na umbali.* Mzunguko ni rahisi kuupanga na mgumu kuufupisha. Unaacha gari au unashuka basi mahali pamoja, unarudi palepale, huna haja ya mtu wa kukupokea. Lakini ukishaingia, umenunua urefu wote.

*Kugeuka.* Hapa ndipo penye uzito. Mpaka katikati, kurudi nyuma ni kufupi kuliko kwenda mbele. Ukipita katikati, mbele ndiko kufupi, ila mbele hujakuona. Watu wengi hungoja mpaka katikati ndipo waamue kama wamechelewa. Hapo uamuzi hauna faida tena, maana pande zote mbili ni sawa. Uamuzi wa mzunguko ufanyike kwenye theluthi ya kwanza.

Mfano: umeanza saa 2 asubuhi mzunguko wa kilomita 12, umejipa saa 7. Kilomita ya 4 ungepaswa kuifikia saa 4 na dakika 20. Umefika saa 5. Maana yake unatumia dakika 45 kwa kilomita, na kwa mwendo huo mzunguko mzima utakuchukua saa 9. Utatoka saa 11 jioni kama hakuna litakalotokea. Ukigeuka papo hapo unatoka saa 8 mchana. Bado utakuwa umetembea kilomita 8 ndani ya msitu mzuri. Hesabu hii ifanye ukiwa umekaa, unakunywa maji, akili imetulia.

Kuna mtego mwingine wa mzunguko peke yake. Duara lenye mzingo wa kilomita 12 lina upana usiofika kilomita 4. Ukiwa upande wa pili umechoka, simu itakuonyesha lango liko pale tu, katikati hakuna kitu ila rangi ya kijani. Usikate. Ndani ya ile kijani kuna magogo yenye kimo cha kifua, makorongo ambayo ramani haikuyachora, kinamasi, na upenyo uliojaa miiba. Kilomita 1 nje ya njia inaweza kukula saa nzima na zaidi, na ukiumia hapo anayekutafuta atakutafuta njiani, wala hatakukuta.

*Kupotea.* Kila hatua ni ngeni siku nzima, na mizunguko mara nyingi huungana na mingine, kwa hiyo njia panda ni nyingi. Piga picha ramani ya langoni kabla hujaanza. Angalia pia kama alama zimepakwa kutazama upande mmoja. Ukiuzunguka mzunguko kinyume na wenzako unaweza kupita alama kumi zote ziko nyuma ya mti.

Upande wa kuanzia ni swali linalostahili dakika tano za kweli. Napendelea kupanda sehemu kali asubuhi na kuteremkia ile ya polepole, kwa sababu magoti yaliyochoka na mizizi iliyolowa hayapatani: wengi huteguka kifundo cha mguu wakishuka. Kama kuna kijito cha kuvuka bila daraja, nakitaka mwanzoni. Mvua ikinyesha mchana maji hupanda, na ni heri kuzuiwa ukiwa na kilomita 2 za kurudi kuliko ukiwa umebakiza kilomita 2 kumaliza. Miti mikubwa ikiwa imejikusanya sehemu moja ya mzunguko, nayo naitaka mapema, kabla miguu haijaanza kudai haki yake na macho kutazama chini tu.

*Macho.* Hakuna umbo linaloonyesha sura nyingi za msitu kama hili: bonde lenye unyevu, mgongo wa kilima wenye miti iliyonyooka, upenyo, kingo za kijito. Hata mzunguko mfupi hutosha. Katika msitu wa mvua wa Hoh, ndani ya hifadhi ya taifa ya Olympic, Marekani, kuna mzunguko uitwao Hall of Mosses wenye kilomita 1.3 tu, na humo utaona miti iliyovishwa kuvumwani kutoka shina hadi tawi la mwisho, na mingine iliyojipanga juu ya mahali palipokuwa na gogo ambalo limeshaoza na kutoweka. Kosa la mizunguko mirefu ni kwamba, ili ifunge, mara nyingine hulazimika kupita kwenye kipande kilichokatwa miti zamani au barabara kuukuu ya kubebea magogo. Ukiambiwa kilomita 12 za msitu wa kale, uliza ngapi kati ya hizo ni za kale kweli.

*Msitu wenyewe.* Kila mtembezi anakanyaga kila mahali mara moja tu. Kwa upande mwingine, mzunguko unahitaji njia ndefu zaidi kukatwa ndani ya msitu kuliko kwenda na kurudi kwa umbali uleule: kilomita 12 badala ya 6. Njia hizo zote zinataka kutunzwa, na zote zinafungua udongo.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku nzima na akiba ya saa 2 kabla ya giza, anayeweza kusoma ramani ya karatasi, na kundi ambalo wote wanatembea kwa mwendo unaokaribiana. Inamfaa pia yule ambaye kurudi alikotoka humkata moyo. Watu hao wapo, na mzunguko huwapa nguvu mpaka mwisho.

Njia ya kwenda na kurudi

*Saa na umbali.* Hili ndilo umbo pekee ambalo wewe unaamua urefu ukiwa ndani. Unaweka saa ya kugeuka, si mahali pa kugeukia. Umeanza saa 2 asubuhi, unataka kuwa nje saa 10 alasiri: ni saa 8. Toa 1 ya akiba, gawa 7 kwa 2, saa yako ya kugeuka ni 5 na nusu. Ikifika, geuka hata kama umesimama kwenye tope bila chochote cha kupiga picha.

Hesabu hiyo hubadilika kama njia inashuka kwanza. Ukiteremka korongo asubuhi, kupanda kwa kurudi kutakula muda zaidi na kutakukuta umechoka. Hapo mpe mwendo wa kurudi angalau theluthi mbili za muda wako.

*Kugeuka.* Kwa maumbile ya njia, ni rahisi kabisa. Kwa maumbile ya binadamu, hapana. Njia hizi kwa kawaida zina kitu kimoja mwishoni, na kitu hicho huvuta. Katika kisiwa cha Yakushima, Japani, mwerezi mkongwe uitwao Jomon Sugi hufikiwa na watu wengi kwa njia ya takriban kilomita 22 kwenda na kurudi, sehemu kubwa yake ikifuata reli ya zamani ya kubebea mbao. Wageni huanza alfajiri na tochi kichwani, kwa sababu safari nzima huchukua kama saa 10. Mtu aliyeamka usiku wa manane kwa ajili ya mti mmoja, kisha saa yake ya kugeuka ikamkuta amebakiza nusu saa kuufikia, anahitaji moyo mgumu. Kwa hiyo saa hiyo itajwe kwa sauti langoni, mbele ya wote, na mmoja apewe kazi ya kuitunza.

*Kupotea.* Hatari ni ndogo, ila ipo mahali ambapo watu hawaitegemei: wakati wa kurudi. Njia mbili zikiungana ukiwa unaenda, hazionekani kama njia panda. Zinakuingiza tu kwenye njia moja na unaendelea kuongea. Ukirudi, panagawanyika mbele yako na hukumbuki ulitokea upi. Dawa yake ni kugeuza shingo kila mara na kutazama nyuma, hasa kwenye maungio, ili ujue sura ambayo utaikuta baadaye.

*Macho.* Nataka kuitetea njia hii, kwa sababu inadharauliwa. Msitu wa asubuhi na msitu wa alasiri si msitu mmoja. Jua likihama, gogo ulilolipita kama kivuli linawaka kijani. Uyoga ulio upande wa nyuma wa shina, ambao haungeonekana ukienda, unakutazama ukirudi. Ndege walionyamaza mlipopita kwa kelele wanaweza kuwa wameshazoea. Na kwa kuwa njia unaijua, huhitaji tena kuifikiria, unainua kichwa. Yote niliyowahi kuyaona kwa utulivu msituni, karibu yote niliyaona nikiwa narudi.

Hata hivyo ni kweli kwamba utaona aina chache za mazingira. Kama njia inafuata bonde moja mwanzo mpaka mwisho, basi umeona bonde. Pale Hoh, kutoka eneo lilelile la kuegesha magari, kuna njia ndefu inayofuata mto Hoh, na watembezi wa siku moja huingia nayo kadiri wanavyotaka kisha hugeuka. Ni msitu mmoja na ule mzunguko mfupi wa Hall of Mosses, lakini hapa unazama ndani ya sura moja kwa saa nyingi, na kelele za watu zinabaki nyuma baada ya kilomita chache.

*Msitu wenyewe.* Njia fupi, inayokanyagwa mara mbili na kila mtu. Katika msitu ambao tayari una njia iliyoshikana vizuri hilo si tatizo kubwa, maana udongo huumizwa zaidi na hatua za mwanzo mahali papya kuliko na hatua ya elfu mahali pa zamani. Shida huja mnapopishana: anayekuja na anayekwenda wanatoka pembeni, njia inapanuka, mizizi inachubuka. Simama juu ya jiwe au mahali palipokwisha kuwa pagumu, ngoja, umpishe mwenzako. Na tope likiwa katikati ya njia, pita katikati ya tope. Ndiyo kazi ya buti.

Kuna misitu ambako suala hili ni la uhai na kifo. Miti ya kauri ya Nyuzilandi, ambayo mkubwa wake unaojulikana zaidi ni Tāne Mahuta katika msitu wa Waipoua, ina mizizi myembamba iliyo karibu sana na uso wa ardhi, na inauawa na ugonjwa wa mizizi unaosafiri na udongo uliogandia viatuni. Huko utakuta vituo vya kusafishia viatu na njia za mbao zilizoinuliwa, na baadhi ya njia zimefungwa kabisa. Mahali kama hapo njia fupi ya kwenda na kurudi, kwenye mbao, ndiyo namna ya kuuona mti bila kuudhuru.

*Inamfaa nani.* Anayeingia msitu huo kwa mara ya kwanza, anayetembea peke yake, mwenye watoto au mzee ambaye hujui miguu yake itadai kupumzika saa ngapi, mpiga picha, mtazama ndege, na yeyote ambaye utabiri wa hewa wa siku hiyo haueleweki. Kwenye njia hii pia hukutana na watu mara mbili, wakienda na wakirudi, na ukiumia ni vigumu kukaa muda mrefu bila mtu kukupitia.

Njia ya kuvuka

*Saa na umbali.* Kilomita zote ni mpya na zote zinakupeleka mbali na ulikoanzia. Kutembea kwenyewe si tatizo. Tatizo ni ule mwisho: gari la pili, dereva anayejua saa, au basi lenye ratiba. Njia moja nzuri kwa makundi mawili ni kuanzia pande tofauti, kukutana katikati na kubadilishana funguo. Jueni tu kwamba kundi moja likishindwa kufika katikati, makundi yote mawili yamekwama.

*Kugeuka.* Kunawezekana mpaka katikati, lakini kule ulikotoka huenda hakuna tena gari. Ndiyo maana watu kwenye njia ya kuvuka husukuma mbele hata wasipopaswa. Kabla ya kuanza, uliza: nikirudi hapa saa 9 alasiri bila gari, nitaondokaje? Kama huna jibu, bado hujawa tayari kwa njia hii.

*Kupotea.* Kama mzunguko, pamoja na hili: ukikosea njia unaweza kutokea barabara nyingine kabisa, mbali na anayekungoja. Mpokeaji ajue jina la njia, saa ya mwisho ya kukungoja, na nini afanye saa hiyo ikipita.

*Macho.* Hakuna kinachofanana na kuona msitu ukibadilika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hasa kama unashuka kutoka juu kwenye baridi hadi chini kwenye joto. Bwindi, Uganda, kuna njia inayounganisha Buhoma na Nkuringo, kilomita 13 hadi 14 hivi, na watembezi huongozana na askari wa hifadhi. Unaingia upande mmoja wa mlima wenye msitu, unatokea mwingine, na siku hiyo inakuwa na mwanzo na mwisho kama safari za zamani za miguu.

*Msitu wenyewe.* Hakuna hatua za kurudia. Lakini magari mawili, au moja linalozunguka mlima mzima kukufuata, ni sehemu ya hesabu pia.

*Inamfaa nani.* Makundi yaliyozoeana, wenye mwongozaji anayepanga usafiri, na wale ambao msitu upo kati ya mahali wanapolala leo na watakapolala kesho.

Na njia ya namba nane

Ukiona kwenye ramani mizunguko miwili iliyoshikana kiunoni, itazame vizuri. Unapita katikati mara mbili, na mara ya pili unaamua kama una nguvu ya duara linalofuata au unatoka. Joyce Kilmer Memorial Forest, msitu wa kale huko North Carolina, Marekani, ina njia ya namna hiyo, takriban kilomita 3.2, na duara la juu ndilo lenye miti mikubwa kuliko yote, iitwayo mitulipu, mingine ikiwa na zaidi ya miaka 400. Ni mzunguko wenye mlango wa pembeni. Natamani ingekuwepo misitu mingi yenye njia hizi.

Uchague ipi, kwa hali uliyo nayo

Kabla ya yote, jua kwamba kuna misitu ambako huchagui. Katika eneo la ulinzi mkali la Białowieża, Polandi, huingii bila mwongozaji mwenye kibali, na yeye ndiye anayejua mtapita wapi. Hapo kazi yako ni kumwambia ukweli kuhusu miguu yako.

Kama ni mara yako ya kwanza katika msitu huo na una siku moja tu, kwenda na kurudi. Ukirudi mwezi ujao, utakuwa unaujua kiasi cha kuuzunguka.

Kama mko wanne au watano, wote wanatembea vizuri, hewa imetulia kwa siku kadhaa na mlinzi wa lango anakwambia mzunguko mzima umepitiwa wiki hii, nenda mzunguko. Swali hilo la "umepitiwa lini?" ni bora kuliko maswali yote ya langoni. Laiti ningeliuliza siku ile ya mti.

Kama mna watoto, tafuteni mzunguko mfupi, chini ya kilomita 3, au njia ndefu ya kwenda na kurudi ambayo hamna nia ya kuimaliza. Mtoto anaweza kutumia saa nzima kwenye gogo moja lenye uyoga, na itakuwa saa nzuri.

Kama jana kulikuwa na dhoruba, au leo upepo unatikisa vilele, usiingie kwa umbo lolote. Matawi yaliyokatika hubaki yamening'inia juu, na miti mikavu iliyosimama huanguka bila kutoa onyo. Upepo ukitulia kesho yake, chagua kwenda na kurudi, ili ukikuta njia imezibwa usiwe na la kupoteza.

Kama una usafiri wa uhakika mwisho wa njia, wa uhakika kweli na si wa kuahidiwa, na mwili unaujua, vuka.

Na kama umechelewa kufika langoni, ni saa 7 mchana, ramani iko mbele yako na rafiki zako wanauonyesha ule mstari mrefu wa duara: ingia na njia ya kwenda na kurudi, weka saa ya kugeuka kuwa 9, na tembea polepole.